Saa Elfu Kumi Hazifundishi Kitu

Tangu Malcolm Gladwell achapishe kitabu chake Outliers mwaka 2008, saa elfu kumi za mazoezi zimegeuka nauli: ukishailipa, unashushwa kwenye kituo cha ubingwa. Hesabu hiyo ilichotwa kwa Anders Ericsson na wenzake, waliowachunguza wapiga fidla wa Berlin na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Kumbe ilikuwa wastani tu wa wale bora walipofika umri wa miaka 20, na penye wastani wapo waliokuwa chini yake. Ericsson mwenyewe aliikataa tafsiri ya Gladwell. Hata hivyo, ugomvi wangu si wa hesabu. Anayehesabu saa anachukulia kwamba mazoezi huongeza kasi ya jambo lilelile: jana ulilifanya polepole, leo unalifanya upesi. Nashikilia kwamba mazoezi hubadili jambo lenyewe linalofanywa.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni mkongwe, na wanafunzi wetu huupitia kwa aya moja wakaenda zao. William Lowe Bryan na Noble Harter, wa Indiana nchini Marekani, walichapisha makala mbili, mwaka 1897 na 1899, juu ya wanagenzi wa telegrafu. Walipima wiki hadi wiki uwezo wa kutuma ujumbe na wa kuupokea. Mchoro wa kutuma ulipanda bila vituko. Ule wa kupokea ulipanda, ukalala kwa wiki nyingi huku mwanagenzi akijitahidi vilevile, kisha ukapanda tena. Kwa nini? Walipima kando herufi zisizounda neno, maneno yasiyounda sentensi, na sentensi kamili. Herufi zilifika kikomo mapema, maneno yakafuata, sentensi zikaendelea kupanda. Mwanagenzi husikia vinukta na vistari. Karani mzoefu husikia maneno na mafungu ya maneno, na huandika akiwa nyuma ya mashine kwa maneno kadhaa, kwa kuwa anasubiri maana ikamilike. Saa ya ukutani haiwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Fred Keller, aliyebuni mbinu ya kuwafundisha askari wa Marekani mlio wa Morse, aliuita mlalo ule wa mchoro wa kupokea mzuka katika makala yake ya mwaka 1958. Alikuwa na hoja: si kila mwanafunzi hupitia mlalo. Nakubali. Lakini uondoe mlalo, ngazi za herufi, neno na sentensi zinabaki palepale. William Chase na Herbert Simon walikuta jambo la jamii hiyo kwenye sataranji mwaka 1973: bingwa hukumbuka kete za mchezo halisi kuliko mchezaji wa kawaida, ila zikipangwa ovyo, ubora wake karibu wote hutoweka.

Liko pingamizi zito zaidi. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakaona mazoezi yanaeleza asilimia 26 tu ya tofauti za watu katika michezo kama sataranji, 21 katika muziki na 18 katika riadha na michezo mingine ya viwanjani. Wapenzi wa kipaji walishangilia. Sikani kipaji. Nauliza tu kilichopimwa, na kwa sehemu kubwa ni saa ambazo watu walikumbuka kuwa wamefanya mazoezi. Kipimo kisichotenganisha anayesikia herufi na anayesikia sentensi hakikuwa na njia ya kutoa jibu jingine.