Ukisahau Dawa, Usione Haya: Sema

(Mazungumzo haya yalitolewa katika mkutano wa akina mama. Yanachapishwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Leo nazungumza juu ya kusahau. Mama mmoja aliniambia: "Mwanangu, naweka sufuria motoni naenda zangu. Vidonge vyangu sijui kama nimemeza au la. Majirani wanasema nimerogwa." Aliona haya, akaacha kwenda kliniki. Mama huyo hakurogwa, wala si mvivu.

Juu ya kila figo mwilini kuna tezi ndogo. Ukipata hofu, tezi hizo hutoa homoni iitwayo kortisoli. Ina faida, kwa sababu husaidia mwili kukabili hatari. Kwa kawaida huwa nyingi asubuhi na hupungua usiku. Lakini sisi tumekimbia vita, tumezika watu wetu, na bado tunawaza chakula cha kesho. Wasiwasi wa muda mrefu huvuruga utaratibu huo. Usingizi hukatika, na kumbukumbu hupungua.

Kwa mwenye virusi vya UKIMWI mzigo ni mara mbili. Virusi navyo huingia kwenye ubongo, na visipozuiwa kwa dawa huweza kudhoofisha akili. Wasiwasi huleta kusahau, kusahau huleta kukosa dawa, virusi huongezeka, na wasiwasi huzidi.

Njia ya kutoka ipo. Wenzetu Wakenya waliopokelewa Mulanda mwaka 2008, kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo, wanaijua wilaya ya Tororo. Huko, shirika la TASO, lililoanzishwa Uganda mwaka 1987, lilishiriki katika mpango wa kutibu watu majumbani. Kuanzia mwaka 2003, wahudumu wasio madaktari walipanda pikipiki kila wiki kupeleka dawa katika vijiji vya Tororo na Busia. Wagonjwa walichagua mtu wa kuwakumbusha dawa. Vifo vilipungua sana.

Sisi hatuna pikipiki, lakini tunaweza kufanya haya:

1. Chagua mtu mmoja unayemwamini, awe mkumbushaji wako.

2. Meza dawa pamoja na jambo la kila siku, kama vile uji wa asubuhi au sala ya jioni.

3. Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia, ngoja hiyo. Usimeze dozi mbili pamoja.

4. Mweleze muuguzi wazi kwamba unasahau. Malaria, upungufu wa damu na huzuni kubwa pia huweza kuleta hali hiyo, na vyote vina matibabu.

5. Kichwa kikiuma sana na mtu akachanganyikiwa, apelekwe kliniki siku hiyo hiyo.

Nanyi majirani, mkiona mwenzenu anasahau, msimcheke wala msimtafutie mganga. Msindikizeni kliniki.

Yule mama amerudi kwenye dawa. Dada wa nyumba ya pili humwita kila jioni: "Mama, umeshakunywa chai?" Wao wawili tu ndio wanaojua maana yake.

Mwenye swali asilotaka kuliuliza hapa, aje kwangu. Nitakalosikia halitatoka nje.