Desemba na Afya Zetu

Msikilizaji, tutazame msongo wa mwisho wa mwaka. Stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, imejaa wanaokwenda Moshi na Arusha kula Krismasi. Mama ana mtoto mgongoni, mabegi mawili, na simu isiyonyamaza: shangazi anaulizia kitenge, kaka anakumbusha mchango wa mbuzi. Na Januari, ada, sare na kodi ya nyumba zinamsubiri.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Usingizi ukikatika, hasira hupanda. Na mwenye shinikizo la damu akisahau dawa nyumbani, safari inaweza kuishia hospitali. Basi lala mapema, kunywa maji, tembea kidogo asubuhi kabla wageni hawajaamka. Na ada itenge kabla ya kukata tiketi.

Kwa upande mwingine, wapo wasemao, na wana hoja, kwamba kwenda nyumbani ndiko kupumzika kwenyewe. Ni kweli. Lakini kwa maoni yangu, heri kusema mapema: "Mwaka huu nina kiasi hiki tu." Je, sisi tunaowapokea wasafiri hawa tuko tayari kulisikia neno hilo bila kununa?