Mzigo wa Wazazi wa Watoto Wenye Usonji: Ni Hisani au ni Haki?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Tume ya Haki na Amani, Ifakara)



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya watoto wenye usonji. Kwa ruhusa yenu nitaigeuza mada hiyo kidogo. Juu ya watoto hao huwa tunasikia maneno mema kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili yao. Leo natamani tuwatazame wanaosimama nyuma ya mtoto: mama asiyelala, baba aliyenyamaza, bibi aliyeachiwa mjukuu. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana aliye pembeni huuona mwepesi. Jambo ninaloomba mrudi nalo nyumbani ni moja: kumpumzisha mzazi wa namna hiyo si hisani tunayoitoa tukijisikia, bali ni deni.

1. Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na kwa kawaida dalili zake huanza kuonekana kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Mtoto huitwa kwa jina asigeuke, ingawa masikio yake ni mazima. Hakutazami machoni. Huchelewa kusema, au hurudia neno lilelile siku nzima. Hupenda mambo yaende kwa mpango uleule, na mpango ukivunjika hulia kwa uchungu. Sauti ambayo kwetu ni ya kawaida, kama ngoma au kengele, kwake yaweza kuwa kama kupigwa. Baadhi yao hupata pia kifafa. Hawafanani: yupo anayejifunza kusoma na kufanya kazi, na yupo atakayehitaji msaada maisha yake yote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtoto takribani 1 kati ya kila 100 ana usonji. Basi asiwepo kiongozi wa kusema kwamba kwetu jambo hili halipo. Lipo, ila limefungiwa ndani.

Hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Kinachosaidia ni mafunzo ya subira, yaanzishwe mapema, na mzazi mwenyewe afundishwe namna ya kuwasiliana na mtoto wake. Kwa hiyo mzazi ndiye mwalimu wa kwanza. Mwalimu huyo akianguka, mtoto naye ameanguka.

2. Lawama

Mzigo wa kwanza wa mzazi huyu hautoki kwa mtoto. Unatoka kwetu. Mtoto akichelewa kusema, minong'ono huanza: mama alivunja mwiko, ukoo wake una laana, baba alimtoa mtoto kafara ili apate mali, jirani kamroga. Mume huambiwa na ndugu zake kwamba kwao mambo kama hayo hayakuwahi kutokea, na kuna waume wanaolisadiki neno hilo wakaondoka. Kisha huja wauza tiba. Shamba huuzwa, mbuzi huuzwa, na mtoto hubaki kama alivyokuwa.

Msidhani kwamba ujinga huu ni wa vijijini peke yake. Dakta Leo Kanner alipoandika juu ya watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, haukupita muda mrefu wasomi wakaanza kuwanyoshea wazazi kidole. Bruno Bettelheim, msomi wa Chicago, alichapisha kitabu mwaka 1967 akidai kwamba chanzo ni ubaridi wa moyo wa wazazi, hasa mama. Alishauri hata watoto watengwe nao. Akina mama wengi wa Ulaya na Marekani waliishi na aibu ya kosa ambalo hawakulitenda. Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Ilionekana kwamba usonji umefungamana sana na urithi wa mwilini, wala si malezi mabaya. Vilevile mwaka 1998 yalitolewa madai kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Jarida la kitabibu lililoyachapa liliyafuta mwaka 2010, na utafiti mwingi haukuona uhusiano huo. Mama aliyempeleka mwanawe kuchanjwa hakumdhuru.

Lipo jambo moja linalotugusa sisi watu wa bonde hili la mbu. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa juu ya watoto wa Tanzania wenye usonji, na Dakta Folstein yuleyule alikuwa miongoni mwa watafiti. Kwa baadhi ya watoto hao, dalili zilijitokeza baada ya malaria kali. Haina maana kwamba kila usonji watokana na malaria. Ina maana kwamba nyumba ambayo sisi tuliitafutia mchawi, huenda ilihitaji kufikishwa hospitali mapema.

Tunajua Injili ya Yohane, sura ya tisa. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Aliwaondolea wazazi lawama kabla hata hajagusa macho ya mtoto wao. Utaratibu huo watufaa sisi pia.

3. Maisha ya mzazi katika bonde letu

Tuyatazame maisha yenyewe. Mpunga ndio chakula chetu na ada ya shule. Msimu ukifika, familia nyingi huhamia mashambani, zikaishi kwenye dungu kwa majuma mengi, kupalilia na kufukuza ndege. Mama mwenye mtoto wa usonji afanyeje? Akimchukua, kule kuna maji pande zote, na watoto wengi wa namna hii huvutwa na maji wala hawaijui hatari. Akimwacha, amwache na nani? Akibaki nyumbani, mpunga huliwa na ndege. Kwa hiyo umaskini wa nyumba ile hautokani na uvivu. Unatokana na hesabu isiyokubali.

Mara nyingi hesabu hiyo hulipwa na dada mkubwa wa mtoto, anayetolewa shuleni ili awe mlinzi. Na pale ambapo hakuna dada, hutumika kamba. Tumewahi kusikia habari za mtoto aliyefungwa kwenye nguzo, na wote tukashtuka. Kumfunga mtoto ni kumdhulumu, wala siwezi kulitetea. Lakini kabla ya kumhukumu mama yule, Tume ya Haki na Amani inapaswa kuuliza swali gumu zaidi: ni nani aliyemwacha na kamba tu kuwa msaidizi wake?

Halafu kuna Dominika. Mtoto huja kanisani, ngoma na kayamba zikaanza, naye akaziba masikio na kupiga kelele. Vichwa vyote hugeuka. Mama hutoka nje, na Dominika ifuatayo haji. Baada ya miezi sita huandikwa katika daftari la jumuiya kuwa ni mlegevu wa imani. Sivyo, ndugu zangu. Tumemtoa wenyewe kwa macho yetu.

Uchovu wa namna hii huzaa ugonjwa. Huko Oman, nchi yenye undugu wa damu na lugha na pwani yetu, watafiti walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kuwalinganisha wazazi. Wale wenye watoto wa usonji walionekana kuelemewa zaidi na msongo, hofu na sonona kuliko wazazi wengine. Kama ni hivyo katika nchi tajiri, yenye hospitali na magari, sembuse kwetu? Msichana wa Kiislamu wa Muscat na mama Mkristo wa Ifakara wanalia machozi yaleyale usiku. Mzazi akikosa usingizi kwa majuma, akiacha kula, akisema afadhali afe, msimwambie asali tu. Salini pamoja naye, kisha msindikizeni kwa daktari. Sala na hospitali si wagomvi.

4. Bonde hili limewahi kujifunza

Wazee wa Mahenge wanakumbuka jinsi mwenye kifafa alivyokuwa akitengwa, kwa hofu kwamba ugonjwa huambukiza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, aliwahudumia wagonjwa hao katika kliniki ya Mahenge. Dawa ilipopatikana na maelezo yakatolewa kwa subira, wengi walirudi kula na wenzao. Kwa usonji hatuna dawa ya namna hiyo. Lakini sehemu ya pili ya tiba ile, yaani kumrudisha mtu katikati ya watu, haikuwa kidonge, na hiyo tunayo mikononi.

5. Haki inadai nini?

Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Mtoto, inayokataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Basi mzazi anapokwenda shuleni au katika ofisi ya kijiji hajaenda kuomba fadhila. Nanyi viongozi mwende naye, maana aendaye peke yake huambiwa arudi kesho.

Shule zenye walimu waliofundishwa kazi hii ni chache. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, jijini Dar es Salaam, ni mfano wa shule ya serikali yenye kitengo cha usonji. Lakini kutoka hapa ni safari ya mamia ya kilomita, na mzazi mkulima hawezi kuhamia huko. Kudai mwalimu mmoja aliyesomea kazi hiyo katika halmashauri zetu ni dai la haki, na tulipeleke kwa adabu na kwa maandishi.

Wakati tukidai, tusikae bure. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, zamu. Jumuiya yenye nyumba 12 ikikubaliana kwamba kila nyumba itoe alasiri moja katika majuma 12, mzazi atapata alasiri moja ya kupumzika kila juma. Walinzi wawe watu wazima wawili wanaofahamika, na wakae nyumbani kwa mtoto mwenyewe, kwa usalama wake.

Pili, shamba. WAWATA na chama cha wanaume wapange siku ya palizi na siku ya mavuno kwa ajili ya nyumba hiyo, kama tufanyavyo kwa mjane.

Tatu, nafasi kanisani. Benchi la karibu na mlango liachwe kwa ajili yao, na mtoto akipiga kelele, padri aendelee na waamini watazame altare.

Nne, ulimi. Maneno kama laana na kafara yasitamkwe tena katika vikao vyetu. Na akina baba walioondoka waendewe na wanaume wenzao, waambiwe ukweli kwa upole: mtoto ni wao pia.

Mwaka 2014 Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na familia za watu wenye usonji, alihimiza kuuvunja upweke wao. Upweke wa nyumba ya jirani hauvunjwi na Roma. Unavunjwa na mtu anayebisha hodi alasiri ya Jumanne akasema: "Dada, lala kidogo. Mtoto niko naye."



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu iko nyumba ambayo mtoto wake hatujamwona kwa muda mrefu? Ni nani atakayewatembelea, na lini?
2. Ni maneno gani tumewahi kusema juu ya wazazi hao ambayo hatuna budi kuyaacha?
3. Zamu yetu ya kwanza itaanza juma gani?