Mnunuzi Ana Haraka, Wewe Je?

Msikilizaji, mnunuzi amekaa sebuleni kwako, bahasha ya kaki juu ya meza, anataka funguo Ijumaa. Moyo unakudunda, maana fedha unazihitaji. Lakini kwa nyumba yenye hati hapa Tanzania, haraka yake haiziruki hatua za sheria. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. TRA nao wanakadiria kodi ya ongezeko la mtaji, kisha uhamisho wa miliki unapitia ofisi ya ardhi ndipo usajiliwe. Hayo hayaishi kwa siku tatu.

Usimfukuze. Mpe ratiba yako. Malipo ya awali yapitie benki, mkataba usimamiwe na wakili, na tarehe ya kukabidhi funguo iandikwe humo humo. Mama yangu mdogo hakuiandika tarehe hiyo, kule Tabata. Siku ya nne lori la mnunuzi likasimama mlangoni, maharage yangali yanachemka jikoni, na mama mdogo hajapata hata chumba cha kupanga. Kama unahitaji mwezi mmoja wa kuhama, uombe kabla hujatia saini, na uuone kwa macho yako umeandikwa.