OTC haitibu kila ugonjwa
Mazungumzo na wafugaji



Ng'ombe akiacha kula na manyoya yakasimama, wengi wetu mkono wa kwanza hukimbilia chupa ya OTC, yaani oksitetrasaiklini. Dawa hii imeokoa mifugo mingi. Lakini ipo mifugo iliyokufa ikiwa imechomwa sindano hiyo siku tatu mfululizo, kwa sababu ugonjwa haukuwa wake. Tuzungumze inavyofanya kazi, ili ujue wakati wa kuitumia na wakati wa kuiacha.

Ndani ya kila bakteria mna viwanda vidogo sana vya kutengeneza protini, viitwavyo ribosomu. Bila protini bakteria hakui wala hazaani. OTC huingia humo na kukisimamisha kiwanda. Bakteria hafi papo hapo, anakwama tu. Kazi ya kummaliza hubaki kwa kinga ya mwili wa mnyama mwenyewe. Kwa hiyo mnyama aliyechomwa apumzike kivulini, apate maji na malisho karibu. Ukimswaga siku nzima, unamnyima nguvu ya kumaliza kazi.

OTC husaidia, ikiwahiwa, katika magonjwa kama ndigana baridi, maji moyo na homa ya mapafu ya mbuzi. Haitibu ugonjwa wa miguu na midomo wala sotoka ya mbuzi na kondoo, kwa kuwa hayo ni ya virusi, na virusi hawana viwanda hivyo. Haiui minyoo. Haitibu nagana inayoletwa na mbung'o.

Ndigana kali ndiyo inayotudanganya zaidi. Tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa hupanda, kisha mnyama hupumua kwa shida. Kimelea chake si bakteria, na tiba yake ni dawa nyingine, kama buparvakwoni. Huenda umeona OTC ikichomwa pamoja na chanjo ya ndigana kali. Pale hutumika kupunguza makali ya kimelea tangu siku ya kwanza. Mnyama akishavimba tezi, usiitegemee. Mwite mtaalamu siku hiyohiyo.

Sasa kipimo. Soma maandishi ya chupa kwanza. Kwa kawaida OTC ya asilimia 20 inayokaa mwilini muda mrefu huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, mara moja. Ile ya asilimia 10 huchomwa mililita 1 kwa kilo 10 kila siku, kwa siku 3 hadi 5. Ng'ombe wa kilo 200 anahitaji mililita 20. Mgawie sehemu mbili za msuli, mililita 10 kila upande. Usikisie uzito kwa macho. Tumia utepe wa kupimia kifua.

Ukichoma kidogo, au ukaacha siku ya pili kwa kuwa mnyama ameanza kula, bakteria waliokwama huamka. Wanaobaki ni wale sugu: wapo wanaoitoa dawa nje ya miili yao, na wapo wanaokikinga kiwanda chao. Hao huzaana na kusambaa zizini. Dawa za ukoo huuhuu wa tetrasaiklini hutumika pia kuwatibu watu, hasa brusela, ugonjwa unaozifahamu sana familia za wafugaji. Dawa ikizoeleka na vijidudu, hasara haiishii kwenye mifugo.

Usichome OTC karibu na siku ya chanjo ya kimeta au ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Chanjo hizo ni bakteria hai, na dawa itaziharibu.

Mwisho, maziwa. Mnyama aliyechomwa, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa, na asichinjwe, mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Kuchemsha hakuiondoi dawa yote. Hata kwenye kibuyu maziwa hayo huweza kukataa kuganda, kwa sababu dawa inawazuia bakteria wa kugandisha. Mfunge kamba ya rangi shingoni au mguuni, ili mama na watoto wanaokamua wamtambue, na uandike tarehe ya sindano.

Kabla ya kufungua chupa, jiulize: je, huu ni ugonjwa wa bakteria? Usipokuwa na hakika, muulize afisa mifugo wa kata yako.