Fedha ya Msimu Si ya Msimu Mmoja



Sisi wa Majengo wengi hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Waume na vijana wetu wanabeba mizigo ya wageni mlimani. Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba. Masika yakiingia, kazi inakatika. Fedha inakuja kwa mkupuo, lakini njaa inakuja kila siku.

Mwaka 2020, korona iliposimamisha ndege, hata msimu wenyewe haukuja. Aliyekuwa na akiba alikula. Aliyekimbilia mikopo ya kausha damu aliuza cherehani, na deni likabaki.

Kwa hiyo tunakumbushana: fedha ikiingia, igawe kabla haijalala. Kwanza chakula: nunua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, uweke ya masika. Pili watoto: ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare na madaftari hayajafutwa, na Januari haichelewi. Tatu hisa na mfuko wa jamii, maana ugonjwa haupigi hodi. Kinachobaki ndicho cha kitenge na sherehe.

Na nyie akina baba, tipu ya mlimani nayo ni mapato. Itajwe nyumbani, iandikwe kwenye daftari. Mama hawezi kupanga fedha asiyoijua.

Miaka kumi tumeweka kidogo kidogo. Tusiache sasa.