Faida ya Jalada Lililoandikwa Vizuri
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya elimu. Mimi si daktari. Kazi yangu serikalini ni takwimu na majalada. Basi nitaeleza jinsi majalada yalivyosaidia watoto wenye ugonjwa ulio adimu sana.

Nyongo hutengenezwa katika ini, kisha hupita katika mirija myembamba hadi kwenye utumbo. Mara chache mno, mtoto mdogo hupata saratani katika mirija hiyo. Iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto huitwa rabdomayosakoma. Chembe zake hufanana na chembe changa za misuli. Uvimbe ukiziba njia, nyongo hurudi katika damu. Macho huwa ya manjano, mwili huwasha, mkojo hukoza kama chai ya rangi, na choo hupauka. Kwa kuwa homa ya ini nayo huleta manjano, ni rahisi kuufananisha ugonjwa huu na homa hiyo.

Daktari anaweza kustaafu bila kumwona hata mgonjwa mmoja wa aina hii. Je, atajifunzia wapi?

Mwaka 1972, nchini Marekani, hospitali nyingi ziliungana kutibu rabdomayosakoma za watoto kwa utaratibu mmoja na kuweka kumbukumbu za pamoja. Hadi 1998, yaani miaka 26, walioandikishwa wakiwa na saratani hiyo katika mirija ya nyongo walikuwa watoto 25 tu. Ni kama mtoto mmoja kwa mwaka katika mpango mzima! Taarifa yao ilitolewa mwaka 2000.

Majalada hayo yalionyesha mambo matatu. Kwanza, kati ya kila watoto watatu, takriban wawili walikuwa hai baada ya miaka mitano. Pili, uvimbe wote uliweza kuondolewa kwa kisu kwa watoto wachache tu. Hata hivyo wengi waliobakiwa na uvimbe walipona kwa dawa, kama vinkristini, pamoja na mionzi. Kwa hiyo upasuaji mkubwa wa hatari haukuwa wa lazima. Tatu, mipira iliyowekwa kutoa nyongo nje ya mwili ilizidisha hatari ya kuambukizwa vijidudu, na maambukizo hayo huweza kumuua mtoto kabla dawa hazijafanya kazi.

Hakuna hospitali moja ambayo ingeyajua hayo peke yake. Yalijulikana kwa sababu kila karani, muuguzi na daktari aliandika tarehe, kipimo na matokeo, hata pale mtoto alipofariki. Jalada la aliyefariki lilimfaa aliyekuja baadaye.

Wanafunzi, mtakapoajiriwa msidharau kazi ya kuandika. Tarakimu iliyobuniwa ili kujaza fomu yaweza kumpoteza daktari msiyemjua na kumdhuru mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Na sote tukirudi nyumbani tukumbuke: mtoto mwenye macho ya manjano na choo kilichopauka asikawizwe kwa dawa za kubahatisha. Apelekwe hospitali apimwe. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina wodi ya watoto wenye saratani. Njia ya rufaa ipo, lakini huanzia kwa mzazi aliyewahi.